Kubarizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno Hili la Kale

Neno kubarizi bado liko hai Nairobi. Utalikuta kwenye mabango ya mikahawa, kwenye matangazo ya nyumba za kupanga, kwenye insha za wanafunzi na kwenye kurasa za burudani magazetini. Shida ni kwamba wengi hulichukua kama kisawe cha kuponda raha, basi, na hapo linapoteza zaidi ya nusu ya utamu wake. Majibu yafuatayo ni kwa mwandishi, mwalimu, mfasiri na yeyote anayetaka kulitumia bila kujikwaa.

Kubarizi ni kufanya nini hasa?

Ni kutoka ndani, ukaenda kuketi mahali pa wazi pamoja na wenzako, kwa mazungumzo na mapumziko. Kutoka, kuketi, wenzako: hizo ndizo nguzo zake. Ikikosekana moja, neno huanza kuchechemea. Zikikosekana mbili, tafuta neno lingine.

Anayejilaza kitandani akitazama tamthilia kwenye simu anajiburudisha, lakini habarizi. Anayekimbia asubuhi katika msitu wa Karura ananyoosha viungo, habarizi. Akishamaliza kukimbia, akaketi nyasini na wenziwe, chupa ya chai katikati na habari za mtaa zikianza kumiminika, hapo sasa wanabarizi.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Kiarabu, kwenye mzizi b-r-z, wenye maana ya kujitokeza, yaani kutoka palipofichika na kuja peupe. Mzizi huohuo ndio uliotupa baraza. Na baraza ya asili haikuwa mkutano. Ilikuwa kiti: benchi la mawe na chokaa lililojengwa likashikana na ukuta wa nyumba, upande wa nje, kandokando ya mlango.

Katika nyumba kongwe za Lamu, baraza mbili huelekeana ndani ya daka, ule ukumbi mdogo wenye paa ulio mbele ya mlango mkuu. Mgeni asiye wa nyumbani hapitilizi ndani. Hukaribishwa barazani mwa daka, si sebuleni, na mwenye nyumba ndiye anayetoka kwenda kumkuta. Ukiielewa nyumba hiyo umeshalielewa neno: kubarizi ni kujitokeza barazani. Kahawa chungu kutoka kwenye dele, kipande cha halua au kashata, bao, karata au dhumna, vyote hivyo vilikuja kuandamana na baraza kwa sababu kiti kilikuwapo tayari na watu walikuwa wamekwisha kuketi.

Ni kweli kwamba zamani wafalme ndio waliobarizi?

Ndiyo, na maana hiyo imo katika kamusi kongwe. Mtawala alipotoka kuketi hadharani, kupokea wageni na kusikiliza mashtaka ya raia, alisemwa amebarizi. Wale waliokwenda kumwona nao walibarizi kwake. Kwa hiyo tendo lilikuwa moja, la rasmi na la starehe: mkubwa ameketi mahali panapoonekana, watu wakaja, maneno yakasemwa.

Kisha njia zikagawanyika. Upande wa urasmi ulibaki na nomino: Baraza la Mawaziri, baraza la chifu, hata BAKITA, chombo cha Kiswahili cha Tanzania kilichoundwa mwaka 1967, ni Baraza la Kiswahili la Taifa. Upande wa mapumziko ukabaki na kitenzi. Ndiyo maana leo mtu akisema "mawaziri wanabarizi", msomaji atawaona wamevua koti na kuagiza mahamri, ijapokuwa zamani sentensi hiyo ingewafaa kabisa.

Nairobi haina mabaraza ya mawe. Tunabarizi wapi basi?

Neno lilihama na watu, kiti kikabaki Pwani. Hapa Nairobi kazi ya baraza inafanywa na benchi la kibanda cha chai, ukuta mfupi wa ploti, ngazi za duka lililofungwa, na bustani za umma. Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, ndiyo inayotajwa zaidi katika sentensi za mfano. Kwa maoni yetu, hata hivyo, mahali panapolistahili neno hili kuliko pote mjini ni Jeevanjee, bustani iliyotolewa kwa wakazi na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwanzoni mwa karne ya 20. Wanaokutana pale kujadili siasa wamejiita Bunge la Mwananchi, na ukiwatazama utaona maana zote mbili za kubarizi, ile ya mfalme na ile ya mpiga gumzo, zikiwa zimeketi kwenye benchi moja.

Naweza kubarizi peke yangu?

Katika matumizi ya leo, ndiyo, mradi uwe nje na umeketi. "Alienda kubarizi bustanini" haimlazimu mtu kuwa na mwenza. Lakini msomaji mwenye masikio atatarajia kwamba punde si punde mtu wa pili atatokea. Mwandishi wa hadithi anaweza kulitumia tarajio hilo: mhusika abarizi peke yake, na upweke wake utajieleza bila kutajwa.

Kubarizi na kujivinjari vina tofauti gani?

Tofauti ni ya kiti na chombo. Kuvinjari ni neno la bahari: chombo kwenda huku na huko majini, kikilinda au kikipeleleza. Manowari huvinjari pwani. Polisi wa doria nao huweza kuvinjari mitaa. Likaongezewa -ji- likawa kujivinjari, yaani kujizungusha kwa raha, leo hapa kesho pale. Kwa hiyo:

"Walijivinjari Nairobi usiku kucha" maana yake walihama kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

"Walibarizi hadi jua likatua" maana yake walituama.

Wanaotumia intaneti kila siku hulitamka neno hilo la mabaharia bila kujua, kwa sababu kivinjari, programu ya kupitia tovuti, kimeundwa kwa kukichukua kitenzi hicho na kukiambika ki-. Aliyelibuni alichagua vizuri: tovuti tunazipitia, hatuketi.

Na hayo maneno mengine: burudika, starehe, tafrija, anasa, tanafusi, punga upepo? Yote si raha tu?

Yote yanaishia kwenye raha, lakini kila moja linaingilia mlango wake, na hapo ndipo mwandishi anapochagua.

Kuburudika ni ndugu wa baridi. Asili yake ni kupoa, kuondokewa na joto. Ni neno lililozaliwa kwenye jua kali, na ukilifikiria kwa kina katika Nairobi ya mwezi wa Julai, watu wakiwa wamejifunika majaketi mawili, unaweza kucheka kidogo. Siku hizi burudani ni muziki, michezo na maonyesho: kitu kinacholetwa mbele yako ukakitazama au kukisikiliza.

Starehe imetokana na mzizi mmoja na raha, na maana yake ya ndani ni kupumzika bila bughudha. Pwani ukimwona mtu anainuka kukupisha, unamwambia "starehe", yaani usijisumbue, kaa papo hapo. Nairobi neno hilo ni jina la eneo bunge katikati ya jiji, na la shule iliyoanzishwa mwaka 1959, kiasi kwamba wengi hulisikia kama jina la mahali kabla ya kulisikia kama neno.

Tafrija na faraja zimetoka shina moja: kufungua kilichokaza, kuondoa dhiki. Ndiyo maana tafrija ni hafla iliyoandaliwa, yenye mwaliko na wakati wake, si gumzo la kuzukia. Huwezi kupita njiani ukaona tafrija ukaketi; baraza unaweza.

Anasa ilianza kwa wema sana, kwenye uzoevu na upendo wa watu wanaoketi pamoja. Leo imenuka gharama. Mhubiri akitaja "anasa za dunia" hazungumzii kahawa. Usiliweke mahali pa kubarizi ila unakusudia kulaumu au kutaja matumizi makubwa ya fedha.

Kutanafusi ni kuvuta pumzi, na ni jamaa wa nafsi na nafasi. Linafaa pumziko fupi katikati ya kazi. Kiswahili kilikuwa na wazo hilohilo tayari katika kupumzika, lililotoka kwenye pumzi, ndiyo maana kutanafusi limebaki la washairi na wapenda lugha.

Kupunga upepo, au kupunga hewa, ni kutoka kwa miguu au kwa gari bila safari maalumu. Ukipunga upepo ukachoka ukaketi ukakutana na mtu, umeanza kubarizi.

Mbona baadhi huandika "kujibarizi"?

Wameliiga kujivinjari, kujiburudisha na kujifurahisha. Katika hayo matatu -ji- ina kazi: mtu anajizungusha, anajipa burudani, anajipa furaha. Barizi haihitaji mtu wa kutendewa, kwa hiyo -ji- inaning'inia tu. Utaikuta kwenye maandishi ya Kenya, na hatutasema anayeitumia haeleweki. Sisi huifuta.

Kitenzi hiki kinanyambulikaje?

Kwa kuwa kimetoka Kiarabu na kinaishia kwa -i, hakibadiliki mwishoni kama vitenzi vyenye -a. Hapo ndipo makosa mengi hutokea.

Wakati uliopo, yakinishi na kanushi: anabarizi, habarizi. Mtu anayefikiri kanushi lazima ibadilishe irabu ya mwisho huandika "habarizii", na hilo si neno. Dhamira ya kutaka nayo haibadiliki: nataka abarizi, twende tubarizi. Usiandike "abarize".

Amri kwa wengi: barizini.

Kutendea: barizia. "Wazee wamechagua mwembe ule kubarizia." Umbo hili huonyesha mahali au kifaa, na ndilo sahihi zaidi unapoeleza kitu kinatumiwa kwa kazi gani.

Kutendesha: barizisha, yaani kumketisha mtu barazani, kumpokea na kumchangamsha. "Alitubarizisha vizuri" ni sifa kubwa kwa mwenyeji. Ni umbo adimu siku hizi, na ni hasara.

Kutendana, "barizana", hakuna haja yake. Wenzako wamo tayari ndani ya shina. Sema "tulibarizi pamoja", au "tulibarizi" peke yake.

Kitenzi hiki pia hakichukui yambwa. Huwezi kubarizi filamu, muziki wala nyama choma. Unabarizi mahali, na nyama inaletwa ulipo. Sentensi kama "tulibarizi mechi ya jana" inasahihishwa hivi: "tulibarizi tukitazama mechi".

Kwenye bango niandike "mahali pa kubarizi" au "mahali pa kubarizia"?

Zote mbili zinakubalika. Ya kwanza ni fupi na hukaa vizuri kwenye ubao mdogo. Ya pili hubeba mkazo kwamba pametengwa kwa kazi hiyo, ikafaa zaidi kwenye maelezo marefu, kwa mfano tangazo la nyumba: "Paa limetengenezwa, lina viti na kivuli, ni la wapangaji wote kubarizia." Kosa la kuepuka ni "mahali ya kubarizi", ambalo limeenea sana Nairobi. Mahali ni pa-: mahali pa kubarizi, mahali hapa, mahali pazuri.

Na kabla hujaandika, kagua mahali penyewe. Kama ni chumba cha kunyanyulia vyuma, hapo ni pa mazoezi. Kama ni uwanja wa watoto wenye bembea, ni pa kuchezea. Wenye majumba hupenda kulibandika neno hili juu ya kila kitu kisicho chumba cha kulala, mpangaji akifika akakuta kamba za kuanikia nguo.

Baraza hii au baraza hili?

Hutegemea kama unazungumzia kiti au watu. Kiti cha mawe au ukumbi wa mbele wa nyumba, wengi husema baraza hii, baraza ya nyumba. Chombo cha watu, li-/ya-: baraza hili limekubaliana, mabaraza haya. Ukichanganya, msomaji atapata tabu kujua kama ni wazee waliovunjika au ni benchi.

Kibaraza je?

Ni ukumbi mdogo wa mbele au wa kando ya nyumba, na katika nyumba za ghorofa watu wamelipa jina hilo lile jukwaa dogo lenye vyuma linalotokeza nje. Ni neno zuri. Angalia tu kidole kisiteleze ukaandika kibaraka, ambaye ni mtu anayetumikia matakwa ya mwingine. Barua ya kumwomba mwenye nyumba akurekebishie kibaraka itasomwa mara mbili. Vivyo hivyo kubarizi: kibodi ya simu ikikugeuzia likawa "baridi", sentensi "twende tukabaridi" haitakufaa.

Vijana wanasemaje badala ya kubarizi?

Katika Sheng wanajibamba, yaani wanajifurahisha, na kubonga ndiko kupiga gumzo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalobeba mahali, kwa hiyo mahali hupewa neno lake: kijiwe au maskani. Kijiwe kinatufurahisha hasa. Ni jiwe dogo la kukalia, na vijana ambao hawajawahi kuiona baraza ya Lamu wameunda, kwa njia yao, neno lenye jiwe ndani yake kwa shughuli ileile.

Mwanafunzi alitumie vipi katika insha?

Alitumie mara moja, mahali pake. Aya ya kwanza ya insha za shule huwa na mhusika ambaye "alikuwa akibarizi" kabla ya mkasa kumpata, na msahihishaji aliyesoma hivyo mara arubaini hashtuki tena. Likija pamoja na mahali panapoonekana, linafanya kazi. Linganisha:

Hafifu: "Siku moja nilikuwa nikibarizi na kufurahia na kujivinjari na marafiki zangu."

Bora: "Tulikuwa tumebarizi kwenye ngazi za duka la Mzee wakati taa za mtaa mzima zilipozimika."

Ya kwanza imerundika maneno matatu ya raha na haijamwonyesha msomaji kitu. Ya pili ina neno moja, na ngazi. Zingatia pia wakati: "tulikuwa tumebarizi" huonyesha watu wamekwisha kuketi, nayo "tulikuwa tukibarizi" huonyesha shughuli yenyewe inaendelea. Kwa mkasa wa ghafla, la kwanza lina nguvu zaidi.

Linatamkwaje?

Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RI-zi. Sauti ya mwisho ni z yenye mtetemo; ukisema "barisi" utaeleweka, ila msomaji wa habari redioni asijiruhusu. Likinyambuliwa mkazo husogea: ba-ri-ZI-a, ba-ri-ZI-sha.

Nimwalikeje mtu kwa neno hili?

Kwa rika lako, "Njoo tubarizi" inatosha, hata kwa ujumbe wa simu. Taja mahali na saa, kwa sababu neno lina mahali lakini halina saa: "Njoo tubarizi pale Jeevanjee, saa kumi na moja jioni." Ukimwandikia mgeni wa nchi isiyohesabu saa kwa Kiswahili, ongeza kwamba ni jioni jua likianza kushuka, asije akafika saa tano kabla ya adhuhuri.

Kwa mkubwa wako usianze na amri. Msalimu kwanza, kisha umpe heshima ya mwenye baraza: "Shikamoo, mzee. Ukipata nafasi, karibu tubarizi kidogo." Kama ni wewe unayekwenda kwake, geuza: "Mzee, naomba nije nibarizi kwako jioni." Akikujibu "karibu barazani", usibishe mlango, kaa nje, atatoka.